Kikombe cha Rohani

Harufu ya ufuta unaokaribia kuungua siwezi kuizoea hadi leo. Si mbaya. Ni tamu, ina nazi ndani yake na moshi kidogo wa mkaa, lakini anayeijua anajua pia kwamba akichelewa kidogo tu mkate umeharibika. Jirani yangu hapa Jang'ombe huchoma mikate ya ufuta kila laasiri ya Ramadhani, na kwa kuwa ni mtu wa maneno mengi, huwa anachelewa. Harufu ikinifikia ukumbini huacha ninachokifanya, nikaitazama mikono yangu, mbele na nyuma. Wanangu wananicheka, wanasema mama anajikagua kama askari wa gwaride. Siwajibu, maana nikianza kueleza itanibidi nimtaje rohani, na nyumba hii hatumtaji.

Nyinyi nitakuelezeni. Nimeshakuwa mtu mzima wa kutosha, na wote waliohusika wamekwisha tangulia mbele ya haki.

Nyumba ni hii hii. Siku hizo, miaka ya hamsini, ilikuwa ya udongo na makuti, na tulikaa watatu: bibi yangu Bi Mwaka, mama yangu ambaye ni binti yake, na mimi, Raya. Baba alikwenda Pemba kuchuma karafuu msimu mmoja, akaoa mke mwengine huko, na msimu wake haukwisha tena. Hatukumkosa sana. Tulikuwa na wa nne wetu, na huyo alituchosha kuliko baba yeyote.

Wa nne alikuwa rohani wa bibi. Kwa asiyejua, rohani ni pepo, lakini si pepo wa kuokota njiani. Ni pepo Muislamu, msafi, mwenye heshima zake, anayependa nguo nyeupe, ubani na marashi ya mawaridi, na akimpenda mwanamke humkaa kama mume. Mtaani kwetu kuwa na rohani hakukuwa aibu. Ilikuwa kama kuwa na jamaa mwenye cheo serikalini: anasumbua, lakini watu wanakusalimia vizuri. Wa bibi alikuwa na kiti chake pembeni mwa chumba cha nyuma, kimefunikwa shuka jeupe hadi chini, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Kila Alhamisi jioni bibi alikifukizia ubani na kukinyunyizia marashi.

Masharti yake hayakuwa machache. Bibi alikuwa na kikombe chake cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, kilichoning'inia kwenye msumari wake peke yake, na ole wake atakayekinywea. Alikuwa na sahani yake, mkeka wake, ndoo yake na kata yake. Nguo zake alizifua mwenyewe na kuzianika upande wake wa uwa. Na watoto hawakuruhusiwa kumgusa. Yaani mimi, maana mtoto mwengine hapakuwa.

Kwa masharti hayo yote, rohani alimpa bibi zawadi moja. Moto haukumuunguza.

Mkate wa ufuta ndio uliokuwa ukitulisha. Mama alikanda unga wa ngano kwa tui la nazi na hamira, akauacha uumuke. Ikifika laasiri tulipanga seredani za mkaa mbele ya nyumba. Mama alichovya mkono majini, akachota donge, akalitandaza ndani ya kikaango cha udongo kilichokwisha pata moto, akanyunyiza ufuta. Mkate ukishajishika chini, kikaango hubinuliwa, uso wa mkate ukaelekea makaa mpaka upate rangi. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu kikaango kimetoka motoni na hakina pa kushikia. Waokaji wengine wote niliowaona walikunja vitambaa, na juu ya hivyo vitambaa wakapuliza vidole na kulalamika. Bibi alishika kwa mikono mitupu. Alikinyanyua, akakibinua, akakishikilia juu ya makaa huku anamuuliza mteja habari za mtoto wake aliyekuwa na surua.

Unga hakuugusa hata siku moja. "Mimi wangu moto," alikuwa akisema. "Unga wa mama yako." Nasi tulijua kuwa hilo nalo ni sharti.

Watu walitoka Kikwajuni na Miembeni, wengine hata Mjini, wakaja kununua mkate na kuitazama mikono ya Bi Mwaka. Watoto walisukumana mbele. Nilijivuna, sikatai. Lakini rohani mwenyewe nilimchukia. Mwenzangu Mgeni, wa nyumba ya pili, alisukwa nywele na bibi yake, kichwa kimelala mapajani, mdomo wazi, mara nyingine usingizi ukamchukua hapo hapo. Mimi nilisukwa na mama, aliyekuwa na haraka siku zote na kitana kikali. Nikijisogeza kwenye mkeka wa bibi, hata kidogo, hata kwa hila ya kuokota kitu, yeye aliichukua fimbo ya kuchochea makaa akailaza chini baina yetu.

"Mpaka hapo, mjukuu wangu. Mwenyewe yupo."

Akasema hivyo na kutupa jicho kule pembeni. Nami nikitazama, mchana kweupe, naapa niliona shuka limetikisika. Nilimjua rohani yule bila kumwona. Nilijua kwamba amekaa na magoti yamepanuka, kama wanaume wanaojiona, na kwamba ananitazama mimi, si bibi. Nikipita mlango wa chumba kile nilipita upande upande, mgongo ukutani, nisimpe nafasi ya kunishika kwa nyuma. Nilimwogopa, na juu ya hofu nikamwonea wivu, na sijui mtoto wa miaka tisa alitakiwa afanye nini na vitu viwili hivyo kwa pamoja.

Jambo moja tu hakulikataza, maneno. Maneno yalivuka fimbo.

Nilisoma skuli ya wasichana kule Mjini, nikivuka Darajani kila asubuhi na ushungi wangu mweupe. Mwalimu wetu Bi Nasra alikuwa na miwani na sauti ndogo, na alipenda sana somo la maarifa. Aliandika ubaoni neno moja kubwa kwa chaki, neno la ulimwengu, kisha akalifungua mbele yetu polepole. Nilikariri neno lile njia nzima ya kurudi. Nikifika nyumbani nilikaa upande wangu wa fimbo, na kabla hata sijavua viatu bibi ananiuliza, "Leo umeniletea neno gani?"

"Volkeno, bibi."

"Ndiyo mdudu gani huyo?"

"Mlima wenye moto tumboni. Ukikasirika unautapika."

Bibi alikibinua kikaango, akafikiri. "Huo sijauona. Lakini mimi nnaujua Mlima Kafu, uliozunguka dunia yote, wa zumaridi tupu. Rangi ya mbingu unayoiona ni kivuli chake. Ndiko kwao huyu," akaashiria chumba cha nyuma kwa kidevu.

Ndivyo tulivyokuwa. Nikaleta tetemeko la ardhi, yeye akanipa ng'ombe anayebeba dunia juu ya pembe moja, na akichoka huihamishia pembe ya pili, na hapo ndipo vyombo vinapoanguka kabatini. Nikamuuliza kwa nini asiitue akapumzika. "Akaitue wapi?" akasema bibi. Nikaleta malaria na mbu wake, na bibi akakubali papo hapo, akasema huyo mbu alikuwa akimshuku siku nyingi. Lakini nilipoleta kupwa na kujaa alinibishia mpaka mkate ukataka kuungua. Mimi nilisema mwezi ndio unaoyavuta maji. Yeye alisema yuko samaki, chewa mkubwa, chini ya bahari, anayameza maji, na akishiba anayarudisha.

"Mwezi," akasema. "Mwezi unavuta bahari. Kwa mkono gani?"

Kesho yake nikamuuliza Bi Nasra. Bi Nasra aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, naye hakuwa na jibu la kumridhisha bibi. Kwa hiyo nilikua nikiamini yote mawili. Chewa na mwezi walipokezana zamu.

Siku moja ubaoni hapakuandikwa neno. Alikuja muuguzi na kopo dogo, na ndani ya kopo mlikuwa na pini na unyoya. Alitupanga mstari, akatutazama migongo na mikono mmoja mmoja, na mwenye baka lililofifia rangi aliwekwa kando. Mimi nilikuwa na baka mkononi. Wenzangu walinong'ona maneno ambayo hata wakubwa walikuwa wakiyanong'ona, "maradhi makubwa", na mstari ukajitenga nami kidogo. Muuguzi akaniambia nifumbe macho. Kitu laini kikanipitia ngozini, nikaonyesha kwa kidole. Kikapita tena, nikaonyesha tena. Akanipiga kofi dogo la begani, akasema, "Choa tu hii. Mama yako akupake dawa." Mstari ukarudi mahali pake, na Mgeni akanishika mkono kama vile hakuwa ameuachia.

Muuguzi alipoondoka, Bi Nasra ndipo alipolipata neno lake la siku ile. Akaandika: mishipa ya fahamu. Akatwambia kwamba ndani ya ngozi mna nyuzi nyembamba kupita nywele, zinazopeleka habari kichwani, na kwamba mkono hukimbia moto kabla mwenyewe hajafikiri kuukimbiza.

"Na nyuzi zikifa, mwalimu?" Mgeni akauliza.

"Basi mkono utaungua na mwenyewe hana habari."

Nililisikia jibu lile kwa masikio yangu mawili, nikiwa nimekaa mstari wa mbele. Halikunigusa popote. Ya skuli yalikuwa ya skuli, na mikono ya bibi ilikuwa ya rohani. Nilichokichukua siku ile ni mchezo wa unyoya.

Nyumbani nilimng'oa kuku wetu unyoya wa mkia, mrefu, wa kuvuka fimbo bila mimi mwenyewe kuvuka. Bibi hakuwa amekoka moto bado. Nikamwambia, "Fumba macho, bibi. Nikikugusa useme wapi." Akafumba, huku anatabasamu, akailaza mikono yake juu ya magoti. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole viwili vilivyojikunja kidogo, tangu nilipomjua. Nikapitisha unyoya mgongoni mwa mkono ule. Nikapitisha tena. Bibi akaendelea kutabasamu.

"Bado hujaanza?" akauliza.

Wakati ule unyoya ulikuwa juu ya kidole chake. Nikasubiri. Ndipo nikaona ukope wa jicho moja umenyanyuka, uzi mdogo tu, mboni ikashuka chini, ikarudi.

"Kidole cha shahada," bibi akasema.

Ilikuwa kweli. Na baada ya hapo alipata kila mara, na kila mara nilikiona kijicho kile kikichungulia.

"Bibi, unachungulia."

"Sichungulii."

"Wallahi unachungulia, nnakuona."

Nilikasirika mno. Mtu mzima, mswalihina, asiyekosa sala hata moja, anamwibia mtoto katika mchezo. Nikaenda uwani kumshitaki kwa mama, aliyekuwa akikuna nazi. Mama alikuja mlangoni na machicha mikononi. Alimtazama bibi, na bibi akamtazama yeye.

"Mtoto ana mchezo mzuri," bibi akasema.

Mama akaninyang'anya unyoya, akautupa kwenye makaa ya jikoni. Ukanuka vibaya sana. Nikarudi upande wangu wa fimbo na uso umenivimba, na bibi, kunituliza, akaniuliza neno la siku ile.

"Mishipa ya fahamu."

Alipanga mkaa kwenye seredani. Kisha akasema, "Hilo silijui." Katika maneno yote niliyompelekea, ni hilo tu ambalo hakuwa na la kunirudishia.

Haukupita muda ikaingia Ramadhani, na kazi ikawa nyingi. Laasiri moja watu walijaa mbele ya nyumba na sahani zao, na bibi, huku mkono wa kulia umeshika kikaango, alikuwa akinisimulia tena Mlima Kafu, vile majini wanavyotembeleana huko siku za Idi. Mkono wa kushoto aliuegemeza ukingoni mwa seredani. Nikasikia harufu.

"Bibi, mkate unaungua."

Akakigeuza kikaango tukatazama. Mkate ulikuwa mweupe, ufuta haujashika hata rangi. Akakirudisha, akaendelea na habari za majini, na harufu ikazidi, na haikuwa ya ufuta. Mama ndiye aliyeona. Aliruka seredani, akaudaka mkono ule akaunyanyua. Sitakuelezeni nilichokiona kikibaki pale kwenye chuma. Nitasema tu kwamba bibi hakuyatoa macho kwangu mpaka mama alipomshika, na alipoutazama mkono wake mwenyewe aliutazama kama kitu alichoazima kwa watu kikamvunjikia.

Bibi akaivuta kanga yake, akaufunika mkono.

"Rohani kapitiwa na usingizi," akasema. "Na yeye ana saumu."

Watu wakacheka, wakashukuru kupata cha kuchekea. Jirani yetu Bi Kazija peke yake hakucheka. Alikuwa mbele kabisa, mkate wake umo katika sahani. Alitazama ile kanga, akatazama kidole kilichochomoza, akautazama mkate. Akaondoka pole pole bila kuaga.

Kesho yake Bi Kazija hakuja. Kesho kutwa hawakuja wa upande wake wa njia. Hakuna aliyesema neno, na hilo ndilo lililonitisha, maana mtaa wetu ulikuwa ukisema mpaka ya paka. Waliendelea kutusalimia, lakini kutoka ng'ambo ya njia. Mgeni akaambiwa na mama yake asije kucheza kwetu kwa sababu ya saumu, naye hakuwa anafunga. Lilipofika kumi la mwisho tulikuwa tukifuturu mikate yetu wenyewe, na iliyobaki tukaila daku, imekauka.

Kidonda hakikupona. Bibi hakukilalamikia hata kidogo, na mimi nilitamani alalamike. Alikifunga vitambaa, akavinyunyizia marashi, na nyumba nzima ikawa na harufu ya mawaridi na kitu kingine chini ya mawaridi. Nikaamua akilini mwangu kwamba rohani ameanza kumla, na ameanzia mkononi. Mama na bibi walizungumza jikoni kwa sauti za chini, na nikiingia wakaanza kuzungumza juu ya chumvi.

Ndipo siku moja mchana, mama yuko sokoni, nilipoingia chumba cha nyuma na kukisimamia kile kiti. Nilikuwa nimepanga maneno makali, lakini yaliyotoka yalikuwa haya tu: "Muache bibi yangu. Nenda zako."

Shuka halikutikisika. Nikanyoosha mkono nikanyanyua pindo lake. Mlikuwa na kiti kibovu, cha mguu mmoja uliofungwa kamba, na kumbikumbi wamekitoboa. Hapakuwa na mtu, na sijui kwa nini nilizidi kuogopa.

"Unasema na nani?" Bibi alikuwa mlangoni, nyuma yangu.

"Namwambia aende."

Alinitazama sana. "Atakwenda," akasema. "Tunahama, mimi na yeye. Idi ikisha."

"Muache aende peke yake. Wewe kaa."

"Hawezi kwenda peke yake, mwanangu. Hana miguu."

Na kweli aliondoka baada ya Idi, asubuhi, kwa gari ya shamba, na mama akamsindikiza. Niliambiwa anakwenda shamba kwa jamaa wa rohani. Alichukua mkeka wake, sahani yake na nguo zake. Kikombe kilibaki msumarini, sijui kwa kusahau. Alipofika mlangoni nilisimama pale nikingoja, nikidhani kwamba siku kama hiyo hata pepo angeona haya. Bibi aliilaza fimbo ya makaa baina yetu, kwa mkono wa kulia, akasema, "Niwekee maneno yangu, usiniache nyuma." Akapita upande wake wa fimbo, akatoka.

Miezi ilipita ndipo mama aliponipeleka kumwona. Hapakuwa shamba la mtu. Ilikuwa kambi nje ya mji, nyumba ndefu zilizopakwa chokaa, mipapai, na masista wa Kizungu waliovaa vitambaa vyeupe kichwani, na watu wengine waliokaa vivulini ambao mama aliniambia nisiwatazame sana. Bibi alikuwa amekaa kwenye bao, benchi lake peke yake. Mkono umefungwa bendeji safi. Alikuwa amenenepa, na nilifurahi mpaka nikasahau adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Neno gani leo?"

Nilikuwa nimemwekea zuri kuliko yote. "Antaktika. Bara zima la barafu, chini kabisa ya dunia. Hakuna mtu anayekaa."

"Wala moto?"

"Wala moto."

"Basi huko ningeonyesha maajabu gani," akasema, tukacheka sote, hata mama.

Nikamuuliza lililokuwa likinikera. "Na yeye bado yupo?"

"Nani?"

"Rohani."

Bibi akamtazama mama. Nadhani alichoka wakati ule, au alitaka kunifurahisha, au hakufikiri. "Huku hakuingia," akasema. "Kawaogopa masista."

Hayupo. Nililielewa neno lile kwa mwili wangu wote. Nikakimbia kumwendea, mikono imenyooka, na hapakuwa na fimbo. Bibi aliinuka kwenye lile bao kwa haraka ambayo sikumdhania, akarudi nyuma, akarudi tena mpaka mgongo ukagonga ukuta, na mkono wake wa bendeji ukanyooka mbele yangu.

"Usije," akasema. "Raya. Usije."

Mama alinidaka kwa gauni. Nililia njia nzima ya kurudi mjini, na mama hakunikataza. Alifikiri nalilia kumwacha bibi. Mimi nilikuwa nikililia hesabu rahisi ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza angeiweza: ikiwa rohani hayupo, basi aliyenikataa ni bibi mwenyewe. Na huenda ndiye aliyenikataa siku zote.

Mama hakunichukua tena. Masika yaliyofuata bibi alishikwa na homa ya mapafu akafa, akazikwa huko huko. Nililia kidogo, kwa adabu. Katika moyo wangu nilikuwa nimekwisha achwa.

Nilikua na jambo hilo. Liliningoja mahali pasipotarajiwa: mtu akinikumbatia nilihesabu ni nani ataachia kwanza. Kisha nikasomea uuguzi, na siku moja darasani daktari aliyekuwa akitufundisha akaufikia ukoma. Alianza na mishipa ya fahamu. Akasema mgonjwa hushika chungu cha moto na asisikie, vidole hujikunja, vidonda haviumi na kwa hiyo havipumzishwi. Nikaacha kuandika. Akaendelea kwa sauti yake ya kawaida, kwamba ugonjwa huu hauambukizi kwa wepesi kama watu wanavyodhani, kwamba miili ya wengi wetu inaupinga, hata ya wanaokaa nyumba moja na mgonjwa miaka mingi, na kwamba akishaanza dawa hatari inaondoka. Niliomba ruhusa nikatoka nje. Nilisimama uwani, nikainusa mikono yangu.

Jioni ile nilimkuta mama anachekecha unga. Nikamwambia nimejua. Hakuniuliza nimejua nini. Aliendelea kuchekecha mpaka unga ukaisha, ndipo akasema.

Bibi alikuwa na mdogo wake, kule kwao Chwaka, wakiwa wasichana. Yule mdogo alipatwa, akajengewa kibanda mbali na kijiji, na chakula chake kikawa kinawekwa juu ya jiwe. Aliyekuwa akikipeleka ni bibi, mpaka siku aliyokikuta cha jana hakijaguswa. Kwa hiyo hakuhitaji daktari wa kumwambia.

"Wewe ulikuwa unatambaa," mama akasema. "Na alikuwa hakuweki chini. Mimi mwenyewe nlikuwa nakuomba kwake nikunyonyeshe. Siku hiyo kakupakata, akaliona lile baka mkononi mwake. Akaniomba pini. Akajichoma mbele yangu, akajichoma tena, nami namwona hashtuki. Akakuweka chini. Akenda kukitafuta kile kiti."

"Na mimi?"

"Ulimlilia mpaka sauti ikakukauka. Ukawa unatambaa kumfuata, yeye anakuzuia na fimbo, huku machozi yanamtoka. Nikamwambia tuseme kweli. Akasema, pepo watu wanampa heshima, ukoma watatuchomea nyumba na mtoto atakosa wa kucheza naye. Basi."

Ndivyo rohani alivyoingia nyumbani kwetu. Yule niliyemwogopa utoto wangu wote, aliyekaa na magoti yamepanuka akinitazama mimi na si bibi, aliletwa kwa ajili yangu.

Nilikuwa nimekuja na habari ya daktari. Nilitaka kumwambia mama kwamba huenda ningelala mapajani mwa bibi kila siku na nisipate chochote. Kwamba fimbo ile, na kikombe, na ule ukuta wa kambi, huenda havikuwa na haja. Nikaitazama mikono yake imejaa unga. Sikusema. Alikufa bila kujua, na sijapata kujuta.

Kinachonisumbua ni kingine. Namkumbuka chewa, namkumbuka ng'ombe na pembe zake, na Mlima Kafu naweza kukuchoreeni. Lakini kwa miezi ile ya mwanzo nilikaa mapajani mwa bibi mchana kutwa, asitake kuniweka chini hata ninyonyeshwe, na sikumbuki kitu. Nimejaribu. Nimefumba macho kama kwenye ule mchezo wa unyoya, nikangoja ngozi yangu iniambie wapi.

Kikombe bado kiko msumarini. Mama hakuthubutu kukitupa, nami nilipoirithi nyumba nilikiosha nikaanza kukinywea chai. Laasiri ya juzi harufu ilipokuja kutoka kwa jirani, nilikuwa nimekishika, na mjukuu wangu mdogo, ambaye saumu bado haijamfika, amenikalia mapajani na uzito wake wote. Akavuta ukingo wa buluu kwa vidole vyake.

"Bibi, nipe na mimi."

Nilimpa. Na alipokuwa anakunywa, mimi, muuguzi mstaafu, ninayeyajua yote haya, niligeuza uso nikatazama pembeni mwa chumba cha nyuma, kama yupo atakayekataza.